Mbona njia ya hariken wanaijua mapema lakini nguvu yake inawapiga chenga?

mtu_wa_dunga:
Wakuu hamjambo, kuna kitu kinanisumbua. Hizi hariken (vimbunga) za Marekani na Mexico nafuatilia kwa simu, na siku tatu kabla wanakuonyesha itaelekea wapi na mara nyingi inaenda karibu na hapo hapo. Lakini nguvu sasa! Otis ya Oktoba 2023 asubuhi ilikuwa bado dhoruba tu, kufika usiku daraja la 5, la juu kabisa, na kabla kuche imeingia Acapulco. Mtu anapata onyo la maana akiwa hata hana saa za kutoa watoto. Shida iko wapi na setilaiti zote hizo? Naulizia pia juu ya majamaa wetu wavuvi wa omena (dagaa), wanaingia Ziwa Victoria usiku na taa zao wakitegemea utabiri.

mwalimu_njoro:
Swali zuri sana ndugu. Njia inaamuliwa na upepo mkubwa unaozunguka dhoruba, ni kama gogo ndani ya Nzoia ikifurika, ukijua mto unaenda wapi unajua gogo litaenda wapi. Nguvu nayo inatoka ndani kwa ndani, kwa ule ukuta wa mawingu unaozunguka jicho, yaani katikati palipotulia, na kile kitu ni chembamba, kilomita chache tu, modeli za zamani za kompyuta zilikuwa zinaruka juu yake bila kukiona. Halafu kuna bahari. Joto la juu likipita nyuzi 26 hivi dhoruba inapata chakula, lakini swali kubwa ni hilo joto linafika chini mita ngapi, kwa sababu upepo unakoroga maji na kama chini ni baridi dhoruba inajizima yenyewe. Upepo wa juu ukienda upande tofauti na wa chini pia unaipasua. Yote haya yakikaa sawa siku moja, upepo unaweza kupanda kilomita 55 kwa saa au zaidi ndani ya saa 24, hiyo ndiyo inaua watu.

dada_wa_data:
Niongezee hapo kwa mwalimu. Makosa ya kukadiria nguvu yalikaa pale pale miaka mingi, ndio NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wakaanzisha mradi maalum 2009, na kweli yameshuka. 2023 wakaanza kutumia modeli inaitwa HAFS, inafuata dhoruba ikiikokotoa kila kilomita 2. Lakini mimi kile nakipenda zaidi ni ndege, wanaingia ndani ya hariken yenyewe na rada kwa mkia, wanadondosha vipimio vyenye parachuti vinatuma presha, unyevu na upepo mpaka viguse maji. 2021 hata walipeleka chombo kisicho na mtu, kinaelea juu ya maji, ndani ya Hurricane Sam. Bila vipimo vya ndani modeli nzuri inaanza na picha mbaya, hakuna kompyuta itakuokoa.

mtu_wa_dunga:
Asante dada, sasa nimepata. Na Bahari ya Hindi ndege hizo zinakuja?

dada_wa_data:
Hapana, na hii inaniuma. Upande wetu vimbunga vinasimamiwa na kituo cha La Réunion, na nguvu inakadiriwa zaidi kwa kusoma umbo la mawingu kwa setilaiti. Idai ya 2019 iliyovunja Beira, Hidaya ya Mei 2024 iliyokuja Tanzania, zote hivyo. Hidaya ilipungua nguvu kabla ya kufika Mafia, tukashukuru Mungu, lakini ingepanda ghafla kama Otis ni nani angekuwa na kipimo cha ndani?

mwalimu_njoro:
Kwa ziwa ni dhoruba za aina nyingine ila ugonjwa unafanana. Usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka kila ufuo unagongana katikati, radi inajengeka haraka, na hiyo ndiyo saa ya omena. Mwanza wako na rada, upande wetu tuongeze vipimo majini kwenyewe, boya zenye kipima joto na upepo, zitume kila saa. Kwa sasa waambie wavuvi wasome utabiri wa jioni wa idara ya hali ya hewa kabla ya kutoka, na wakiona radi upande wa Uganda wasingoje kuvuta wavu wa mwisho.

mtu_wa_dunga:
Nitaipeleka kwa BMU, kamati yetu ya ufuo, jioni hii wakikutana.