Mrejesho: matundu ya USB yanayounguza flashi

Wakuu, niliuliza kuhusu kompyuta ya stesheneri yetu hapa Moshi, matundu ya mbele yanaunguza flashi za wateja. Nimepima kama mlivyoshauri: nimekata waya mkweche wa USB, nyaya zote nne nikazitenganisha zisigusane, mita ya kupimia umeme nikaiweka kwenye DC volti 20. Nikaanza na tundu la nyuma lisilo na shida ili kuhakiki rangi, maana rangi za waya wa bei chee si za kuamini. Nyekundu kwa nyeusi, volti 5.08. Safi. Mbele: -5.07! Chanya na hasi zimegeuzwa.

Nikachomoa umeme, nikafungua. Fundi aliyebadilisha kasha la kompyuta alichomeka nyaya za matundu ya mbele mojamoja kwenye pini za ubao mama (motherboard), akazipishanisha. Nimezipanga, sasa inasoma 5.06. Nimejaribu kwanza na kipanya (mouse) kibovubovu, kinafanya kazi. Fundi huyo bado anasingizia umeme wa Moshi, loh!