Makhan Singh: alifungwa India au Kenya? Na mgomo wa siku 62 ulishindaje?

Msomi_wa_Jioni:
Wakuu, naandaa somo kuhusu Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Kenya enzi za ukoloni, na tarehe zinanichanganya. Wengine wanasema alikamatwa 1940, wengine 1950. Je, ni makosa ya uchapaji? Pia mgomo wa Nairobi wa 1937 ulifanikiwaje ilhali chama chake cha wafanyakazi kilikuwa bado kichanga?

Karatasi_na_Wino:
Tarehe zote mbili ni sahihi, mkuu. Alifungwa mara mbili na dola ileile, ya Uingereza, katika makoloni mawili. Alizaliwa 1913 Gharjakh, karibu na Gujranwala, Punjab, akaja Nairobi 1927. Alirudi India, na Mei 1940 akakamatwa Ahmedabad. Aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, kisha akazuiwa asitoke kijijini kwao hadi Januari 1945. Baada ya hapo alikuwa mhariri katika gazeti la Jang-i-Azadi, Lahore. Alirejea Kenya Agosti 1947, mwezi uleule India ilipopata uhuru.

Angalizo: usimwandike "Mpakistani" kwa sababu tu Gujranwala leo iko Pakistan. Alipozaliwa, mpaka huo haukuwepo.

Kuhusu 1937, anza na 1935. Chama kilikuwa cha mafundi Wahindi. Yeye alipokuwa katibu kikabadilishwa jina kuwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi bila kujali rangi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo vipeperushi vilitoka haraka, na kwa lugha kadhaa: Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, Kiswahili. Mtu alisoma dai kwa lugha yake, hakungoja kuhadithiwa na msimamizi.

Madai yalikwenda kwa hatua. 1936 walidai siku ya kazi ya saa 8. Aprili 1937 wakadai nyongeza ya asilimia 25, na mgomo ukadumu siku 62. Waajiri walikubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, saa 8, na wagomaji wote kurudishwa kazini. Hilo la mwisho lisisahaulike katika somo lako. Nyongeza bila kurudishwa kazini ingewaacha viongozi nje ya lango, na chama kingekufa.

Mkato_wa_Reli:
Naongezea jambo moja ili wanafunzi wasidhani umoja wa rangi zote ulikamilika siku jina lilipobadilishwa. Wanachama wengi 1937 walikuwa bado Waasia. Waafrika waliingia kwenye kamati kuu 1939, Jesse Kariuki na George Ndegwa, wote wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu.

Karatasi_na_Wino:
Kweli kabisa, ndugu. Na huo ndio uzi unaotupeleka 1950. Mei 1, 1949 iliundwa East African Trades Union Congress, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai rais, Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kuisajili, na hapo ndipo mtego ulipo: chama kisichosajiliwa kinampa polisi sababu ya kuwakamata viongozi wake wakati wowote.

Aprili 23, 1950, ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mei 15 yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma, wakidai waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi.

Msomi_wa_Jioni:
Asante sana. Aliachiliwa pamoja na Kenyatta?

Mkato_wa_Reli:
Hapana. Kenyatta alitoka Agosti 1961, Makhan Singh Oktoba 22. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, kaskazini mwa Kenya, jumla miaka 11 na miezi 5. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa tangu Januari 1960, yeye bado yuko ndani. Alifariki Mei 1973.