Naomba ushauri: msimu wangu wa kwanza wa kiwanjani, nibaki na Yamaha R15 au ninunue R6?

Mwendo155 (Kampala)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaendesha Yamaha R15 ya cc 155, na nimekusudia kuutumia mwaka ujao kujifunza kukimbia mahali panapostahili, yaani kiwanjani (kiwanja cha mbio), kwa sababu barabara zetu zimejaa mashimo, bodaboda na watembea kwa miguu wasio na hatia. Fedha nilizotenga zinatosha jambo moja kati ya mawili. La kwanza ni kuiuza R15, niongezee akiba yangu, ninunue Yamaha R6 ya cc 600 iliyotumika ambayo jamaa mmoja ananishawishi niichukue. La pili ni kubaki na pikipiki niliyo nayo, niivalishe tairi nzuri, nijinunulie mavazi ya kinga, na kinachobaki nikitumie kwa safari za Kenya, ambako wenzetu hufanyia mazoezi kwenye lami ya viwanja vya karti, vile vijigari vidogo vya mbio. Rafiki zangu wananicheka wakidai kwamba cc 155 ni za kupelekea watoto shule. Naomba maoni ya waliokwisha kuingia kiwanjani.

FundiKatwe

Kaka, baki na R15, na wanaocheka waache wacheke. R6 ina nguvu za farasi zaidi ya 100, ilhali yako haifiki 20, na ndiyo maana yako inafaa. Kwenye kiwanja cha karti, ambako sehemu iliyonyooka huisha kabla hujapumua, R6 haitatoka gia ya pili, nawe utashinda siku nzima ukiuogopa mkono wako wa kulia unaofungua mafuta. Pikipiki ndogo haikusamehi kwa namna nyingine: mwendo ulioupoteza kwa kukanyaga breki mapema huurudishi mpaka kona inayofuata, kwa hiyo inakulazimisha kujifunza kuingia konani vizuri, kutazama unakokwenda badala ya kutazama tairi la mbele, na kufungua mafuta taratibu unapotoka. Mwenye R6 huficha makosa yote hayo kwa injini. Tena usisahau kwamba R6 hula tairi, na tairi za saizi yake si za bei ya kuchezea.

Sasa tuingie gereji. Kwanza, badilisha mafuta ya breki hata kama yanaonekana safi, kwa maana hufyonza unyevu yakiwa ndani ya chombo: mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hustahimili nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155, na siku yatakapochemka mkono wa breki utaingia ndani kama umeshika hewa. Pili, kwenye rejeta mwaga kulanti (kimiminika cha kupozea injini) uweke maji matupu kwa siku ya kiwanja, kwa sababu kulanti ikimwagika juu ya lami huteleza vibaya na atakayeanguka ni anayekufuata. Ukirudi nyumbani uirudishe, la sivyo kutu itakuingilia. Tatu, kama ukiona gia ya mwisho haitumiki, badilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha mnyororo. Chukua mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: ukipunguza jino 1 mbele ni karibu sawa na kuongeza meno 3 nyuma, na sproketi ya mbele ndiyo rahisi zaidi.

Kuhusu nguvu, usishangae injini ikilegea kidogo huko. Kampala tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi ni karibu 1,700, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mfumo wako wa injekta utarekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli wenyewe. Mwenye kabureta ndiye atakayehangaika na jeti, vile vitundu vya kupimia petroli.

Vumbi_Garuga

Kwa heshima zote kwa fundi, mbona tunampeleka kijana Kenya wakati Garuga iko hapa kwenye barabara ya Entebbe? Motokrosi, yaani mbio za udongoni, ndiyo mbio za pikipiki zenye mizizi Uganda. Ukoo wa Blick, waendeshaji wanaojulikana hapa kwetu, umeanzia huko kabla ya kuonekana kwenye rali. Udongo hukufundisha mapema jinsi tairi linavyoteleza, na kuanguka kwake kuna huruma kuliko lami. Auze R15, anunue pikipiki ya udongo ya cc 125, akaulize shirikisho la michezo ya magari kuhusu leseni ya mshindani.

FundiKatwe

Ndugu Vumbi, hilo ni jawabu zuri la swali ambalo hakuuliza. Anataka lami.

Busia_Mpakani

Kutoka Kampala hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 650 kupitia Malaba au Busia, na sikushauri uziendeshe juu ya R15 halafu kesho yake uingie kiwanjani ukiwa na mgongo wa mbao. Tafuteni wenzako wawili mchangie pikapu. Beba kadi ya pikipiki yenye jina lako, au barua ya mwenyewe kama si yako, pamoja na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Uelewe tu kwamba bima hiyo inahusu madhara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani. Mambo ya kiwanjani haiyagusi. Na kabla ya kuondoka, zungumza na wenye kiwanja kama vile Whistling Morans cha Athi River, uhakikishe kwamba siku hiyo pikipiki zinaruhusiwa.

MuuguziMbale

Mimi huwapokea walioanguka, kwa hiyo nitasema la kwangu. Jaketi za ngozi za soko la Owino zinavutia, lakini nyingi ni za mapambo: vuta mshono wa bega kwa mikono miwili, na ukiona uzi mmoja tu unaoachia mwanga, iache pale pale. Kofia iwe na alama ya ECE 22.06, ambayo ni kiwango cha usalama wa kofia, na usinunue iliyotumika hata ikiwa inang'aa, kwa kuwa huwezi kujua iliwahi kupiga chini. Soma pia bima yako ya afya, maana nyingi hutenga mashindano.

Mwendo155 (Kampala)

Nawashukuru sana, na wewe dada muuguzi kwa namna ya pekee. R6 nimeikataa leo asubuhi. Ndugu Vumbi, Garuga nitakuja kutazama. Fundi, limebaki moja: upepo wa tairi niweke kiasi gani?

FundiKatwe

Anza na kipimo cha kiwandani tairi zikiwa baridi, kisha pima tena mara tu unapotoka kiwanjani, kabla hujavua kofia, kwa sababu joto hupandisha upepo. Zikiwa zimepanda sana, punguza kidogo kidogo na kuandika kila mara. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vya vituo vya petroli kila kimoja husema lake.