Tupeane uzoefu: wadudu wa mpunga wanakaa wapi shamba likiwa tupu?

Mwanaruvu (Bagamoyo)
Habari zenu wakulima. Huku bonde la Ruvu kila msimu kilio ni kilekile: funza wameingia, nipige dawa gani? Naomba tuanzie nyuma kidogo. Mpunga ukishavunwa wadudu hawahami. Wanabaki kwenye mabua, kwenye kingo za majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa tuta) na kwenye mpunga pori uliojazana mferejini. Naamini kabisa kwamba tukiwaacha huko, bomba la dawa halitatuokoa. Kila mmoja aseme: ulimwona mdudu gani, na kwenye mmea gani?

Naanza mimi. Ukimaliza kuvuna, ng'oa shina moja ulipasue kwa kisu kuanzia chini. Kwenye majaruba yangu ya bondeni namkuta funza mweupe amejibana ndani ya bua, karibu kabisa na udongo, na sehemu aliyopita imejaa ungaunga wa kinyesi chake. Wataalamu wanamwita Maliarpha separatella. Chakula chake ni mpunga tu, wa kupanda na wa porini, kwa hiyo kiangazi anakimalizia ndani ya mabua tunayoyaacha. Mpunga ukiwa umesimama ni vigumu kumjua, maana mara nyingi haui kiini, yaani jani changa la katikati. Unachokiona ni mapepe (punje tupu) mengi kwenye suke na bua linalolala upepo ukipiga. Mimi sasa nalima mapema, mabua yafukiwe kabla ya mvua.

Binti_Mombo (Korogwe)
Kaka Mwanaruvu, asante sana. Kwetu tunasumbuliwa na yule nzi mwenye macho yaliyochomoza pembeni kama pembe. Asubuhi nenda kwenye nyasi za kivulini kandokando ya mfereji, utawakuta wamekaa makundi makundi. Mtoto wake anaingia kwenye mpunga mchanga. Jani la katikati linakauka, ukilivuta linatoka lote, na chini limeoza.

Mama mdogo alipoona hivyo akataka dawa siku hiyohiyo. Nikamsihi asubiri. Tukapalilia, tukaweka mbolea ya kukuzia, machipukizi mapya yakafidia. Mpunga ukishambuliwa mapema una nguvu ya kujirudisha. Usitupe hela kwenye dawa kwa sababu ya viini vichache vilivyokauka.

Mzee_wa_Majaruba (Bagamoyo)
Wanangu, mnasahau kimyanga. Hicho ni kirusi, si mdudu, ila wadudu ndio wanakibeba, hasa mbawakawa wadogo wanaotafuna majani. Mmoja wao ni mweusi mwenye miiba mgongoni, ukimshika unaisikia kidoleni. Kirusi hiki kilionekana mara ya kwanza Kenya, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1966. Majani yanapiga mistari ya manjano, mpunga unadumaa, suke linashindwa kutoka vizuri. Dawa ya kukitibu hakuna.

Mpunga pori nao unaugua, kwa hiyo ugonjwa unakusubiri pale pale pembeni. Hata mundu na ng'ombe wanaokatiza shambani wanausambaza. Ukiona shina lenye dalili kwenye kitalu, ling'oe ulifukie. Usilitupe mferejini likaenda kwa mwenzio.

Mkulima_Pangani
Shikamoo mzee. Mpunga pori nikiufyeka unachipua tena. Nifanyeje?

Mzee_wa_Majaruba
Marahaba. Ule wa kudumu una mizizi inayotambaa chini ya udongo, kwa hiyo kufyeka hakuumalizi. Lima kiangazi, ichambue mizizi uianike juani ikauke kabisa. Na usiuache utoe mbegu.

Fundi_Mfereji (Muheza)
Nakubaliana nanyi, ila msiparue kingo hadi udongo ubaki mtupu. Mvua kubwa moja tu tuta linaporomoka. Halafu kwenye nyasi hizo wanakaa buibui, na buibui anakula nzi na nondo wa hao funza. Ng'oa mpunga pori na magugu yanayofanana na mpunga, nyasi fupi ziache zishike udongo. Na ukipanda mahindi au mtama jirani na mpunga, kagua nako, maana funza mwingine wa mabua, Chilo partellus, anakula vyote vitatu.

Mama_Kitalu (Bagamoyo)
Naongezea kunguni wa mpunga, wale wanaonuka ukiwaminya. Wanaishi kwenye magugu yenye mbegu pembeni, mpunga ukifika hatua ya maziwa, yaani punje bado laini na zina majimaji meupe, wanahamia kuunyonya. Punje inabaki pepe au inatoka na doa. Kwa hiyo fyekeni kingo kabla mpunga haujabeba mimba, yaani kabla suke halijavimba ndani ya bua. Ukifyeka wakati punje zina maziwa, umewafukuza kwenye magugu waingie moja kwa moja kwenye masuke.

Mwanaruvu
Dada, hili la wakati wa kufyeka ni kubwa. Majirani zangu wengine wanafyeka mpunga ukiwa tayari kwenye maziwa. Nitawaomba tulio kwenye mfereji mmoja tufyeke wiki moja na tupandikize kwa karibu, ili wadudu wasipate jaruba changa la kuhamia kila mara. Walioko Mombo, mnapangaje zamu za kupandikiza?