Sweta ya miaka 2 imetoka na kifua cha miaka 10, na ya miaka 10 shingo imelala mabegani: patani yangu ina kasoro wapi?

uzi_mwekundu

Wanajamvi, habari za saa hizi. Naandaa patani (maelekezo ya kufuma) ya sweta ya mtoto ya kufuma kwa mkono, nataka niiuze mtandaoni. Ni sweta ya kuvalia kichwani, raglani (yenye mistari ya mshazari toka shingoni hadi makwapani), inaanzia shingoni kushuka chini, haina mshono hata mmoja. Uzi ni akriliki wa unene wa dabo-niti (DK, si mwembamba sana wala mnene), sindano No. 8, na No. 10 kwa ribu, ule ukingo unaovutika. Sampuli yangu (kipande cha kupimia ufumaji) ni vitanzi 22 na mistari 30 kwa sentimita 10. Saizi ya miaka 2 inaanza na vitanzi 68 shingoni, inafika 128 ukishaunga makwapa, yaani kifua sentimita 58.

Nimewapa watatu waijaribu. Wawili wako Nakuru, wamepata 58 na 59. Wa tatu yuko Marekani, amepata 71! Nimehesabu vitanzi kwenye picha zake, ni 128 kamili. Uzi wake nao ni dabo-niti.

La pili: saizi ya miaka 10 niliitoa kwa kuzidisha kila namba ya miaka 2 kwa 1.34, kwa sababu kifua kinatoka 53 kwenda 71. Shingo ikawa vitanzi 92. Mtoto akivaa, sweta inateleza begani.

La tatu: hata ile ya miaka 2 iliyotoka sawa, kichwa kinapita kwa kusukumwa. Ukingo wa shingo unakaza kama kamba.

Na mwisho, patani kama hii huuzwaje?

fundi_wa_vitanzi

La kwanza ni jepesi, dada. Jibu liko kwenye hilo neno "No. 8".

Namba za sindano tunazotumia huku ni za zamani za Uingereza: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. No. 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Wamarekani wana namba zao zinazokwenda kinyume, na No. 8 yao ni milimita 5. Milimita 4 wao wanaiita 6. Ukija kwenye ribu ndiyo kichekesho: No. 10 yako ni milimita 3.25, No. 10 yao ni milimita 6.

Sasa piga hesabu. Vitanzi 128 vikitoa sentimita 71, mfumaji wako anapata vitanzi 18 kwa sentimita 10 badala ya 22. Dabo-niti kwenye sindano ya milimita 5 huwa hapo hapo. Hajakosea kitu, amefuata patani yako neno kwa neno. Andika milimita kwanza, namba ya Uingereza na ya Marekani zifuate, na usiandike namba peke yake mahali popote.

Ila na yeye hakufuma sampuli, au aliifuma akaipuuza. Kwa hiyo patani iseme sampuli inafumwaje, si kipimo tu. Sweta yako inafumwa kwa mzunguko, pleni (kitanzi cha kawaida) tupu upande wa mbele. Mtu akifuma sampuli bapa, mstari mmoja pleni na mmoja pali (kinyume cha pleni), kwa wengi mistari ya pali hulegea kidogo kuliko ya pleni, na sampuli itasema uongo. Mwambie aanzishe vitanzi 32 kwenye sindano ya duara. Akifika mwisho wa mstari asigeuze kazi. Avisukume vitanzi hadi ncha ya pili, auache uzi upite kwa ulegevu nyuma, aanze tena pleni. Afume sentimita 12, aifue, aikaushe, ndipo apime katikati, mbali na kingo. Mtu anayepima kutoka ukingo hadi ukingo anajipunja kitanzi kimoja au viwili, na kosa la kitanzi kimoja katika kila sentimita 10 ni karibu sentimita 3 kwenye kifua cha mtoto.

Na tafadhali usiwaruhusu kupiga pasi sampuli ya akriliki. Ikishapigwa pasi ya moto imekufa: inalala, inang'aa, hairudi.

kwapa_na_shingo

Nachukua la pili, maana hapo ndipo patani nyingi za watoto zinapoharibika.

Mwili hauongezeki wote kwa kiwango kimoja. Kwenye jedwali la vipimo vya mwili la Craft Yarn Council, baraza la uzi la Marekani, kifua kinatoka sentimita 53 miaka 2 hadi 71 miaka 10. Hilo ni ongezeko la asilimia 34, ndiyo 1.34 yako. Lakini mkono wa juu unatoka 18 hadi 22 tu. Kichwa ndiyo kabisa: mtoto wa miaka 2 ana karibu sentimita 48, wa miaka 10 karibu 53. Wewe umeikuza shingo kama kifua, ikafika vitanzi 92, karibu sentimita 42. Itaachaje kuteleza?

Usizidishe. Jenga kila saizi kutoka kwenye vipimo vyake. Nitaanza na miaka 2 ili uone namba zako zimetoka wapi:

Kifua 53, ongeza sentimita 5 za nafasi ya kulegea, ni 58. Mara 2.2 kwa sentimita, vitanzi 128. Kila kwapa lichukue 6, basi mbele na nyuma zinabaki na 116. Mkono 18 na nafasi 3 ni 21, vitanzi 46. Toa 6 za kwapa, 40. Sasa 68 za shingo zigawe: mbele 24, nyuma 24, kila mkono 8, na kitanzi 1 kwa kila mstari wa raglani, jumla 4. Hivyo 4 wakati wa kutenganisha vinakwenda mbele na nyuma, viwili viwili. Unaongeza vitanzi 8 kila mzunguko wa pili, mara 16: mkono 8 + 32 = 40, sawa. Mbele na nyuma 52 + 64 = 116, sawa. Mizunguko 32 kwa mistari 3 kwa sentimita ni 10.7, na jedwali linataka kina cha kwapa 10.8. Ndiyo maana sweta yako ya kwanza ilikaa vizuri.

Miaka 4, kifua 58.5: vitanzi 140. Shingo 76 (mbele 28, nyuma 28, mikono 8 na 8, raglani 4), ongeza mara 17, kisha mizunguko 2 bila kuongeza ili kina kifike 12. Mkono unaishia 48.

Miaka 10 ndiyo yenye ukaidi. Kifua 71 na 5 ni 76, vitanzi 168, kwapa 8 kila upande. Kina cha kwapa kinatakiwa 15, yaani mizunguko 45. Ukiongeza kila mzunguko wa pili ni mara 22, na ukianzia shingo ya vitanzi 80 (30, 30, 8, 8, 4) mwili unafika 168 sawasawa. Lakini mkono nao ukiongezwa mara 22 unafika 60, sentimita 27, unapepea. Dawa ni kuutenganisha mkono na mwili: mwili ongeza mara 22, mkono mara 19. Zile mara tatu za kuruka mkono zitawanye, tuseme ya 16, ya 19 na ya 22, ambapo unaongeza vitanzi 4 badala ya 8. Mkono unaishia 54, sentimita 24.5. Mzunguko wa 45 fuma bila kuongeza.

Kwenye patani andika 128 (140, 168) kwa mpangilio huohuo mwanzo hadi mwisho, na kila baada ya kuongeza au kutenganisha mpe mfumaji jumla ya vitanzi anavyotakiwa kuwa navyo. Patani isiyotoa jumla inamwacha mtu agundue kosa akiwa ameshafika tumboni mwa sweta.

mama_pleni

Shingo inayokaza: tumia sindano mbili pamoja wakati wa kuanzisha vitanzi, halafu chomoa moja.

fundi_wa_vitanzi

Mama, hilo tunalirithishana lakini haliponyi. Sindano mbili zinapanua vitanzi vya mstari wa kwanza tu. Kinachokaza ni ule uzi unaopita chini yao, na huo urefu wake unategemea umbali kati ya kitanzi na kitanzi. Anzisha kwa sindano moja ya kawaida, lakini kila ukikaza kitanzi kipya weka ncha ya kidole cha shahada juu ya sindano, kitanzi kinachofuata kikae mbele ya kidole, acha pengo la milimita 3 hivi. Mkia wa uzi uwe mrefu: kwa vitanzi 68 acha sentimita 120.

Kipimo: ukingo wa miaka 2 umelala sentimita 31, lazima uvutike mpaka 48 bila uzi kukaza. Vuta kwenye rula kabla hujafuma mzunguko wa pili. Usipofika, fumua hapo hapo, ni dakika kumi tu. Ribu iwe moja-moja (pleni 1, pali 1) kwa milimita 3.25.

mama_pleni

Haya, nimekubali. Kwa wale wenye watoto wa vichwa vikubwa bado napendekeza vifungo viwili begani.

kwapa_na_shingo

Kuna mtu atakuja kusema atumie ile kanuni ya asilimia ya Elizabeth Zimmermann, mwandishi wa vitabu vya ufumaji, shingo iwe asilimia 40 ya kifua. Kwa mtu mzima inafanya kazi. Kwa miaka 2, asilimia 40 ya 128 ni vitanzi 51, sentimita 23. Kichwa cha 48 hakipiti hapo hata kwa mafuta. Mtoto mdogo ni kichwa kwanza, mwili baadaye.

uzi_mwekundu

Asanteni sana jamani. Nimerudi kwa yule wa Marekani, ni kweli, sindano yake ina alama ya 8 na milimita 5. Kuna kingine nimekiona kwenye picha: pembeni mwa mstari wa raglani upande mmoja kuna vitundu, upande mwingine hakuna.

fundi_wa_vitanzi

Hapo unaongeza kwa kuinua ule uzi mlalo kati ya vitanzi viwili, sivyo? Kitundu hutokea usipousokota. Kabla ya kitanzi cha raglani: sindano ya kushoto iuinue uzi kutoka nyuma kuja mbele, kisha fuma pleni kwa kupita mguu wa mbele wa kitanzi. Ni pagumu kidogo kuingiza, na ugumu huo ndiyo dalili kwamba umesokota. Baada ya kitanzi cha raglani: inua kutoka mbele kwenda nyuma, fuma kwa mguu wa nyuma. Ikiingia kwa ulaini, umekosea mguu. Kwenye patani eleza zote mbili kwa maneno, usiandike "ongeza 1" ukaachia hapo.

kwapa_na_shingo

Na mbele na nyuma zako zinaanza na vitanzi sawa na kimo sawa, kwa hiyo sweta itambana mtoto kooni. Baada ya ribu, weka mistari mifupi 6 (inayogeuzwa kabla ya kumaliza mzunguko) nyuma ya shingo, geuza kitanzi kimoja kabla ya raglani za mikono, inyanyue nyuma sentimita 2. Ihesabu nje ya ile mizunguko 32.

Kuuza: patani za sweta Ravelry, mtandao wa wafumaji, utaziona nyingi kati ya dola 5 na 9. Kenya, pesa ya PayPal inahamishika kwenda M-Pesa. Raglani yenyewe haina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuifuma na kuiandikia patani. Kilicho chako ni maneno, picha na michoro yako. Kabla ya kuitoa, mlipe mtu apitie hesabu za saizi zote tatu, hata zile ambazo hakuna aliyezifuma. Ya miaka 4 mpaka sasa haijajaribiwa na mtu, nami namba zake nimekupa za makaratasi tu.

uzi_mwekundu

Naianzisha leo jioni. Vitanzi 76, na rula mezani.