Kwa nini Olive anaivaa herufi A katika Easy A?

Msomaji wa Riwaya:
Wanajukwaa, habari zenu. Nimeitazama Easy A, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Will Gluck, na kuna jambo linanitatiza. Darasani kwa Bwana Griffith wanasoma The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne, ambamo Hester Prynne analazimishwa kuvaa herufi A kwa zinaa aliyoifanya kweli. Olive, anayeigizwa na Emma Stone, hajafanya lolote, ila anaishona herufi hiyo kwenye nguo zake mwenyewe. Msichana mwenye akili kama yule anajichafuliaje jina kwa hiari?

Binti Mvita:
Ndugu, anzia pale uongo ulipozaliwa. Mwisho wa juma wote Olive alikuwa nyumbani akiimba na kadi ya salamu yenye muziki, na kisa cha kulala na kijana wa chuo alimtungia rafiki yake Rhiannon ili amalize maswali tu. Marianne, mwanafunzi mwenzao, akakisikia msalani, shule nzima ikajaa habari. Awali hakuna aliyemtambua; sasa kila apitapo, shingo zinageuka. Kwa maoni yangu herufi ile ni jeuri, tena yenye kiburi kidogo ndani yake.

Mpenzi wa Sinema:
Jeuri ipo, sikatai, lakini umeiruka huruma. Brandon, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akinyanyaswa kwa sababu ni shoga, ndipo Olive akakubali kuigiza naye sherehani nyuma ya mlango uliofungwa, wenzao wakitega masikio nje. Brandon alitoka akapokewa kama shujaa, Olive akatoka na jina baya, kwa tendo lile lile ambalo hata halikutendeka. Kisha wakaja wavulana wengine na kadi za zawadi za madukani, ili nao waruhusiwe kujisifu. Kufanana kwake na Hester nakuona hapo: Hester alikataa kumtaja Dimmesdale, mchungaji aliyezini naye, na Olive naye anawafichia watu siri zao.

Msomaji wa Riwaya:
Na lile la Bibi Griffith, mke wa Bwana Griffith na mshauri wa shule, je? Halikuwa na mzaha wala faida.

Binti Mvita:
Hapo kicheko kinakata. Mshauri yule alikuwa na uhusiano na mwanafunzi, Micah, na Olive akaibeba lawama ili kuinusuru ndoa ya mwalimu aliyempenda. Alipowaomba wavulana waliofaidika waseme ukweli, walikataa, na Bibi Griffith naye akamgeuka, hata ikambidi Olive mwenyewe amweleze Bwana Griffith. Mengine yote akayasimulia mbele ya kamera ya kompyuta, bila kumwomba mtu ruhusa tena.