Majina ya saraka za matoleo kwenye seva: "mpya/zamani", namba, au tarehe?

fundi_seva
Wakuu, tulinganishe. Kwenye `/srv/malipo` kuna njia tatu mezani: `app_mpya` na `app_zamani`, `app-1.9` na `app-1.10`, au `2025-03-14_1.10.0`. Anayefuta matoleo siyo aliyeyaweka. Ipi inamlinda zaidi?

kiungo_laini
Ya kwanza iondoe kabisa. Toleo likifuata litaitwa `app_mpya2`, na siku ya kusafisha mtu atafuta `app_mpya` wakati wateja bado wanahudumiwa kutoka humo. Saraka ipewe jina lisilobadilika, kisha kiungo laini (symlink, yaani jina linaloelekeza kwenye saraka nyingine) kiitwacho `sasa` ndicho kihamishwe:

`ln -s matoleo/2025-03-14_1.10.0 sasa.tmp`
`mv -T sasa.tmp sasa`

Ukitumia `ln -sf` bila `-n`, kiungo kipya kinaundwa ndani ya saraka ya zamani, na `sasa` inabaki palepale.

mpanga_ls
Namba tupu nayo ina mtego: `ls`, amri ya kuorodhesha saraka, inaweka 1.10 juu ya 1.9, anayefuta ya juu akidhani ni kongwe anaondoa mpya. `ls -v` inapanga sawa, ila nani ataikumbuka saa nane usiku? Tarehe ianze na mwaka. Ukiandika 02-04-2025 na 14-03-2025, Aprili inatangulia Machi. Na msiweke nafasi kwenye jina, tafadhali sana: `rm -rf app zamani` inafuta `app`.

mlinzi_wa_data
Nakubali tarehe, lakini tazameni pia njia nzima ya saraka (path), siyo jina la mwisho tu. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo, alifuta saraka ya data ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye seva kuu, db1, akidhani yuko kwenye seva ya nakala, db2. Kati ya GB 300 hivi zikabaki 4.5. Herufi moja haitoshi kutofautisha. Andikeni `/srv/malipo-halisi` na `/srv/malipo-majaribio`.

fundi_seva
Kwa nini tusiandike `data-kuu` na `data-nakala`?

mlinzi_wa_data
Kwa sababu seva kuu ikianguka, nakala inachukua nafasi yake na jina linakuwa uongo. Ni kosa lilelile la "mpya".

kiungo_laini
Wakati wa kufuta: `readlink -f sasa` kwanza, uone kiungo kinaelekeza wapi. Kisha usifute, badili jina liwe `FUTA-baada-2025-04-21_1.9.0` na uache siku 7. Huduma iwashwe upya siku hiyohiyo: programu iliyokwisha kuwaka inaweza kuendelea na mafaili iliyoyafungua, tatizo likajificha hadi iwashwe tena. Ikigoma, `mv` moja inarudisha kila kitu.